Barua ya Namba za Nyimbo

Jumanne, tarehe kumi na nne Septemba, mwaka wa 1976, nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alifia ndani ya gari la zahanati, kati ya Tseikuru na hospitali, kabla gari halijafika kwenye lami. Naliandika hili kwanza ili msomaji asikae akitumaini kwamba mwishoni ataokoka. Hakuokoka.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nilisoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha shule na cha sokoni. Nyumbani tulizungumza Kikamba, kwa hivyo maneno ya watu yaliyomo humu nimeyageuza mimi mwenyewe, kadiri nilivyoweza. Wengi wa waliokuwa wamekaa pale siku maneno yaliyomuua yalipotoka bado wako hai. Wananisalimia njiani nami naitikia. Sikuwapenda wakati ule na siwapendi sasa, na nimezeeka vya kutosha kulisema.

Kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Matiliku, hakuna mtu aliyekuwa na sanduku lake la posta. Kanisa lilikuwa na moja, na ufunguo wake ulikaa kwa mzee wa kanisa. Barua za kijiji kizima zilipitia humo: za wanaume walioko Mombasa na Nairobi, za watoto wa bweni, za serikali. Jumapili, ibada ikiisha, mzee alikaa kwenye benchi lililoegemea ukuta wa kanisa, upande wenye kivuli, akazitoa barua mfukoni mwa koti moja baada ya nyingine. Alizifungua mwenyewe. Hakuna aliyemwambia asizifungue. Wazazi wetu wengi hawakujua kusoma, naye alikuwa na miwani.

Barua za wakati ule zilikuwa na namna yake. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Mwandishi alimsalimia mama, akamsalimia baba, ndugu, jirani wa juu, jirani wa chini, mzee wa kanisa mwenyewe, na wote watakaouliza habari zake. Jina lako likisomwa, uliitikia kwa sauti: "Nimepokea!" Asiyesalimiwa aliondoka na uso umekunjika, na wiki nzima mwenye barua alijua kwamba kuna mtu ana neno naye. Kwa hivyo barua haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya wote waliotajwa, na aliyetajwa hakuinuka salamu zilipoisha. Alibaki kusikia yanayofuata.

Na yanayofuata yalisomwa yote. Hapo ndipo tulipojua nani amefutwa kazi bandarini na nani ameoa wa pili. Siku moja mzee alisoma barua ya mwanamume aliyemwambia mkewe kwamba amepata ugonjwa wa zinaa, na kwamba yeye pia aende akadungwe sindano. Mke alikuwa amekaa hapo hapo, mtoto mgongoni. Mzee alisoma mpaka mwisho, kwa sauti ile ile ya kutangaza harambee, kisha akamkunjia barua yake na kumpa kwa mikono miwili, kwa heshima.

Nilimfuata nyuma ya kanisa. "Mzee, si ungemsomea huyu mama pembeni?"

"Pembeni kuna nini?"

"Kuna yeye peke yake."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Hakuna mtu hapa asiyemtakia mema," alisema. Kisha akarudi kwenye benchi akawasimulia wengine, na wanawake wakapasuka kwa kicheko.

"Fundi anataka za pembeni!"

"Ana mwanamume huyo. Anayetaka pembeni ana mambo."

"Sisi hatuna mambo. Tusomewe hapa hapa!"

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa shangazi wa mume wa mdogo wangu. Mkumbukeni huyo.

Mdogo wangu aliolewa na dereva wa lori la mchanga. Mume alimpiga tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Alimvunja mkono, ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kuunyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho. Mara mbili alikimbilia nyumbani, na mara mbili wazee wa kanisa walikaa, wakaomba, wakamrudisha. Mara ya pili mume alisema mbele yao kwamba akitoroka tena atamtafuta na kummaliza. Wazee waliyaita hayo maneno ya hasira. Mimi niliyaita ahadi.

Nilikuwa na kibanda changu cha kushonea sokoni Mukuyuni. Muuguzi mmoja wa zahanati ya Tseikuru alikuwa mteja wangu, maana mama yake alitoka upande wetu. Nilimweleza, naye akasema wanahitaji mpishi wa kuwapikia wagonjwa. Tseikuru ni mbali, kaskazini kabisa mwa Kitui, kwa wafugaji. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa na shughuli huko. Mdogo wangu aliondoka mwezi wa Januari na nguo mbili na kitabu cha nyimbo, na duniani tuliojua alipo tulikuwa mimi na yule muuguzi.

Mama hakujua. Huo ulikuwa uamuzi wangu. Mama yetu alikuwa mtu ambaye ukimpa neno alilibeba kama maji kwenye kikapu. Lakini alikonda. Alikaa mlangoni akisema mwanawe amekufa na tunamficha. Kwa hivyo ilibidi mambo mawili yawe pamoja: mama ajue kwamba mtoto wake yuko hai, na yule dereva asijue yuko wapi. Na barua zote zilipitia mikononi mwa mzee, juu ya benchi lile. Zangu mimi nazo zilipitia kwa mwenye duka wa Mukuyuni, na huyo alizifungua bila hata miwani.

Kabla mdogo wangu hajaondoka, nilikuwa nimempangia njia. Nilimwandikia kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia nguo. Sote tulikuwa na kitabu kile kile cha nyimbo cha Kikamba. Ukitaka kusema neno, unalitafuta ndani ya wimbo, kisha unaandika namba tatu: wimbo, mstari, na neno la ngapi kwenye mstari huo. Asiyejua ataona namba tu.

Alicheka mpaka akaushika ule mkono wake mbovu. "Dada, kwa hivyo nikitaka kusema nina njaa nitafute Waisraeli jangwani?"

"Tafuta. Una muda."

"Na kama neno halimo?"

"Basi usiliseme."

Barua ya kwanza ilikuwa namba tupu kutoka juu mpaka chini. Alimpa muuguzi, muuguzi akaenda kuchukua dawa Kitui mjini na kuitia posta huko, ili muhuri useme Kitui tu. Kwa kufikiria hayo yote tulijiona werevu. Jumapili ile mzee aliifungua, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Hii haina salamu," alisema.

Watu wote walikuwa wamesogea, maana kila mtu alitaka kusikia habari za mtoro.

"Hata mama yake hakumsalimu?"

"Namba tu? Hiyo ni dawa ya mganga."

Shangazi wa mume alisema, "Msichana aliyefichwa na shetani anaandika kishetani." Mama yangu alikaa katikati yao na kitambaa chake cha kichwa, akitazama ardhi. Njiani kurudi nyumbani, kwenye korongo, alisimama.

"Barua gani haina salamu?" aliniuliza. "Umenivua nguo mbele ya kanisa."

"Mama, ameandika kwamba hajambo. Ameandika anakula vizuri na anakukumbuka. Yako humo kwenye namba."

"Angesema hivyo kwa mdomo wa mzee, wote wangesikia na wangefurahi na mimi."

"Hawafurahi na wewe, Mama."

"Wewe hupendi watu," alisema. Hilo lilikuwa kweli.

Nilimpelekea mdogo wangu neno kupitia kwa muuguzi: weka salamu ukurasa mzima, mtaje kila mtu, hata huyo shangazi, na namba zikae mwishoni. Barua ya pili ilikuwa hivyo. Mzee alisoma salamu, watu wakaitikia mmoja mmoja, nyuso zikanyooka. Shangazi naye alitajwa, akaitikia "Nimepokea" kama mtu anayepokea kitu kichafu. Kisha mzee akafika kwenye namba.

"Na hizi ni nini tena?"

Macho yote yalinigeukia mimi. Nilidanganya. Nilisimama kwenye uwanja wa kanisa nikasema, "Ni nyimbo, mzee. Anaomba mziimbe kwa ajili yake."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. Jumapili iliyofuata alitundika baadhi ya namba zile kwenye ubao wa nyimbo, na kanisa zima likaimba. Waliimba kwa moyo. Wanawake waliosema namba zile ni za mganga walilia kwa utamu wa wimbo. Mwezi uliofuata wakaimba tena, na watu wengine wakaanza kuwaambia watoto wao walioko mbali watume nyimbo pia. Mimi nilikaa nyuma na kitabu changu nikisoma ujumbe wa mdogo wangu huku wao wakipaza sauti: anaumwa na meno, amepata kitanda chake mwenyewe, watu wa huko ni wakali lakini si kwake. Nilikuwa na furaha chafu ya mtu anayewacheka wenzake tumboni. Nalitaja hili kwa sababu lilinilegeza. Nilidhani nimewashinda.

Shida ilikuwa mama. Nilikuja nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi, na barua ikifika mapema alikaa nayo wiki mbili, tatu, bila kujua inasema nini. Alinilaumu. "Mtoto ananiandikia mimi, na wewe ndiye mwenye mdomo wake." Halafu siku moja, nikiwa namsomea, nikamtajia namba ya wimbo na kabla sijafungua kitabu alikuwa ameshauanza.

Mama hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini alikuwa ameutazama ubao wa nyimbo kwa zaidi ya miaka ishirini. Namba alizijua zote, na nyimbo alizijua kwa kichwa, zote, na mistari yake. Nilimtajia mstari na neno. Aliimba, akihesabu kwa vidole gotini, akasimama kwenye neno.

"'Mkate,'" alisema.

Niliangalia kitabuni. Lilikuwa "mkate".

Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama ile. Alifanya barua nzima. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu hakuweza kuruka mpaka kwenye mstari wa tatu. Alilazimika kuimba kutoka mwanzo, kwa sauti, mpaka afike. Akifika, alisimama akalitamka lile neno peke yake, kwa nguvu, kama mtu aliyeokota kitu.

"Usiimbe kwa sauti," nilimwambia. "Imba moyoni."

"Moyoni siyapati maneno. Yanakaa mdomoni."

"Basi fanya ukiwa peke yako. Funga mlango."

"Mchana? Nani anafunga mlango mchana? Watasema nafanya nini?"

Nilimwelezea vizuri. Nilimwambia, watu wale wana kitabu kile kile, Mama. Wakikusikia unapoimba na unaposimama, wamesoma barua. Alisema ameelewa. Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mtoto ndiyo ili anyamaze. Kwake yeye wale walikuwa wanawake aliobatizwa nao, waliomzikia mume, waliomkandia nyumba udongo. Kuwafungia mlango ilikuwa ni kuwatukana. Nami ningeweza kumkataza namba kabisa, au kumwambia mdogo wangu asiandike neno lolote la mahali. Sikufanya. Nilikuwa na hamu ya kuona mama akifanya kile ambacho mzee wa kanisa na miwani yake hakuweza. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Barua ya Agosti ilifika Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mimi sikuwepo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na nilikuwa na sare za kushona, kwa hivyo nilibaki Mukuyuni. Yaliyotokea nimeyajua kutoka kwa mama, na kutoka kwa yule shangazi, ambaye aliniambia mwenyewe bila kuulizwa.

Mzee alisoma salamu. Watu waliitikia. Mzee akasema namba zitaimbwa Jumapili ijayo, akampa mama barua. Mama angesubiri wiki mbili nifike. Badala yake alisogea mwisho wa benchi, akaiweka karatasi gotini, akaanza. Wanawake walikuwa wamekaa wakinywa chai ya kanisa. Walimsikia akiimba mstari, akisimama, akisema neno. Wakaona ni mchezo mzuri. Wengine wakaanza kumsaidia kuimba.

"Ngoja, ngoja, umepita! Huo ni mstari wa nne!"

"Sema neno sasa!"

Na mama, akiwa amezungukwa hivyo, akicheka, akasema. Alidhani maneno yaliyokatwakatwa hayawezi kuungwa na mtu asiyeujua mpango. Mdogo wangu alikuwa ameumwa homa mwezi huo. Alikuwa amechoka kujificha na alimtaka mama yake. Ujumbe ulikuwa: mama, njoo, kaskazini, nyumba ya wagonjwa, napika.

Shangazi wa mume alikuwa na kikombe mkononi. Hakuimba. Aliyashika maneno yote kichwani mpaka nyumbani kwa mpwa wake.

Dereva huwauliza madereva wenzake. Muhuri wa posta ulisema Kitui, na malori ya mbuzi yanatoka kaskazini mwa Kitui kila wiki. Alichohitaji kujua kilikuwa kimoja tu: kuna zahanati gani huko juu yenye mpishi mwanamke anayesema Kikamba cha Makueni, mwenye mkono wa kushoto usionyooka. Ilimchukua wiki mbili na kidogo. Alimkuta asubuhi, jikoni, akikoroga uji wa wagonjwa. Alimpiga kwa mti wa kukorogea. Wagonjwa walioweza kusimama ndio waliomkamata, na polisi wakaja kumchukua. Alifungwa. Muuguzi aliliendesha lile gari mwenyewe. Baadaye aliniambia kwamba njiani mdogo wangu aliongea kidogo, akauliza kama uji umeungua.

Tulimzika nyumbani siku ya Ijumaa. Kanisa zima lilikuja. Walileta mahindi, maharagwe, sufuria kubwa, walibeba maji, walichimba kaburi. Sitawanyima hayo. Wakaimba nyimbo zake, zile nilizodanganya kwamba ziliombwa, na mimi nikashindwa kukaa hapo nikaenda nyuma ya ghala. Shangazi alinifuata. Nafikiri alitaka nimsikie kabla sijasikia kwa mtu mwingine.

"Mimi sikujua atafanya hivyo," alisema.

"Alisema mbele ya wazee kwamba atammaliza."

"Wanaume husema."

"Wewe ulimpelekea."

"Nilipeleka nini? Neno lililosemwa kwenye uwanja wa kanisa, mchana, mbele ya kila mtu? Mama yako ndiye aliyesema. Kama lilikuwa la siri, mbona aliimba?" Hakurudi nyuma. "Na wewe ungetuambia. Ungetuambia msichana yuko hatarini, tuchunge midomo. Ulitufanya wajinga, tuimbe namba zako. Sasa unataka tuwe tumejua."

"Ningewaambia, mngechunga?"

Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nampenda. Kila barua alinisalimia." Akaondoka.

Nimeligeuza neno lake hilo kwa miaka mingi nikitafuta mahali pa kulichukia. Sehemu yake moja ni kweli. Nilitaka watu watumie kitu nisichowaeleza, kwa sababu niliwadharau. Lakini pia niliwahi kuwaeleza, siku ya yule mama wa sindano, na walinicheka. Yote mawili yako hapo, na sijui lipi ni zito.

Baada ya mazishi nilibaki nyumbani. Mama hakulia mbele ya watu. Hakuimba pia. Jumapili alienda kanisani akakaa mahali pake, akaufumba mdomo nyimbo zote, na watu wakamwacha.

Jumapili ya pili baada ya mazishi tulikuwa wote wawili kwenye uwanja wa kanisa, na mzee akatoa barua kwenye koti. Akaitazama bahasha, akatutazama sisi. Nilijua kabla hajasema. Muuguzi alikuwa ameitia posta Kitui siku chache kabla ya ile Jumanne, nayo ikachelewa njiani.

"Niirudishe ndani?" mzee aliuliza. Kwa mara ya kwanza hakuwa ameifungua.

"Soma," mama alisema. "Wanangoja salamu zao."

Mzee alifungua, akavaa miwani, akasoma. Mdogo wangu alimsalimia mama, akanisalimia mimi dada yake, jirani wa juu, jirani wa chini, mzee mwenyewe, shangazi wa mume wake, na wote watakaouliza habari zake. Mzee alipofika kwenye jina la kwanza baada ya yetu, hakuna aliyejibu. Akangoja. Kisha mwanamke wa jirani akasema polepole, "Nimepokea." Wakaendelea hivyo mmoja mmoja. Shangazi alikuwa amesimama mbali karibu na tangi la maji. Jina lake liliposomwa aliitikia, na wote tulimsikia.

Chini ya salamu kulikuwa na namba, mistari mitano. Mzee hakusema zitaimbwa. Alikunja karatasi akampa mama kwa mikono miwili.

Mama aliifungua tena. Wanawake walianza kusogea kando bila kuambiwa, mmoja kisha mwingine, mpaka kwenye benchi tukabaki mimi na yeye. Nilinyoosha mkono nimsaidie. Hakunipa. Aliiweka gotini, akaweka kidole kwenye namba ya kwanza, na midomo yake ilifungwa kabisa. Niliona vidole vya mkono wake mwingine vikihesabu juu ya kitambaa cha nguo yake: vinakwenda, vinasimama, vinarudi mwanzo. Koo lake lilitembea kidogo. Hakutoa sauti yoyote. Alichukua muda mrefu, labda saa nzima, na chai yetu ikapoa pale chini.

Alipomaliza mstari wa tano aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia ndani ya nguo, kifuani.

"Amesema nini, Mama?" niliuliza.

"Ni yangu," alisema.

Nilikuwa na kitabu changu kwenye mkoba. Ningeomba tu dakika moja na zile namba. Nikamuuliza tena, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Aliinuka, akajifuta vumbi, akanipa vikombe viwili nikavioshe.